Chupa Waliyoihamisha

Gauni la kwendea kwenye filamu, Fundi alilishona mwenyewe kwa kitambaa cha mteja ambaye hakurudi, akalimaliza Ijumaa jioni na kulipiga pasi mara mbili. Mtaani walimwita Fundi kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na tano sasa akishona sare za shule kwenye kibaraza kile kile. Marehemu mumewe walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Mwalimu aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, riwaya nyembamba iliyochapwa mara moja, ikasomwa na wachache, ikaisha madukani. Miaka miwili baada ya mazishi yake wakaja watu wa filamu, wakaketi kwenye makochi ya Fundi, wakasema kitabu kile kiliwaliza. Sasa filamu ilikuwa tayari, na familia ilikuwa imealikwa kuitazama kabla ya watu wengine.

Walikwenda Jumamosi mchana. Fundi alikuwa na binti yake, mume wa binti, na mama wa huyo mume, mwanamke mnene mcheshi ambaye Fundi alimwita mzazi mwenzangu. Alikuwapo pia mtoto wa miezi minne, mjukuu wa hao wawili. Binti alikuwa karani wa kampuni ya bima na likizo yake ya uzazi ilikuwa imebakiza siku tisa. Jumatatu ya wiki ya pili angerudi kazini, na mtoto angeshinda kwa Fundi. Hilo liliamuliwa tangu mimba ikiwa changa. Fundi alikuwa ameondoa marobota kwenye chumba cha pili, akapaka rangi, akashona chandarua na vishuka sita. Wateja aliowaambia wapeleke kazi kwingine walimwuliza kama amechoka na cherehani, naye akawajibu kwamba ameajiriwa na tajiri asiye na hata jino moja.

Taa zilipozimwa yakatokea maandishi meupe: hadithi hii imetokana na maisha ya kweli ya mwandishi. Fundi aliyasoma polepole, midomo ikicheza, akashituka kidogo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, Mwalimu aliandika kwamba watu wote waliomo ni wa kubuni na asitafutwe mtu. Aliandika hivyo kwa haya.

Kisha akatokea mtoto wa kike wa miaka miwili na ushei, anatembea sebuleni ameweka mikono mgongoni kama mzee aliyestaafu. Ukumbi ukacheka. Fundi akafunika mdomo. Mtoto wao wa kwanza alitembea hivyo hivyo, ndiyo maana walimwita Kibibi. Kitabuni jambo hilo lilipewa mstari mmoja. Hapa mtoto alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akageuka, akarudi. Kwa nusu saa nzima Fundi alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba amemwonyesha tena kitu ambacho hakutegemea kukiona upande huu wa kaburi.

Halafu mama wa kwenye filamu, ambaye naye alikuwa fundi, akamimina mafuta ya taa kwenye chupa ya soda ili asafishe cherehani yake. Akaiweka chupa chini, karibu na kanyagio. Jirani akamwita dirishani, akatoka, wakacheka huko nje. Kamera haikumfuata. Ilibaki na chupa, na mlango wa chumbani ukafunguka taratibu.

Fundi alisubiri baba aingie. Baba hakuingia.

Haikuwa hivyo, wala kitabu hakikusema hivyo. Siku ile Mwalimu ndiye aliyekuwa nyumbani. Alikuwa ameleta kutoka shuleni mashine ya kurudufia mitihani, wino umeganda, akataka kuisafisha kwa mafuta ya taa. Dumu lilikuwa linavuja. Akamimina mafuta kwenye chupa ya soda, akaiweka sakafuni kando ya kiti, akainama kupanga karatasi. Fundi alikuwa amekwenda dukani kununua vifungo. Aliporudi alimkuta Mwalimu yuko barabarani anakimbia peku na mtoto mikononi. Kibibi, aliyekuwa amekunywa yale mafuta, alikaa hospitali siku mbili, akafariki. Mwalimu alilibeba jambo lile miaka mingi kabla ya kuketi na kuliandika, na katika kitabu kizima alichokuwa akisema ni kwamba aliyeiacha chupa ni yeye.

Mwanamke aliyekaa nyuma yao alimnong'oneza mwenzake kwamba wengine Mungu anawapa watoto wa nini. Mkwe akakohoa. Binti, aliyekuwa amemlaza mtoto mapajani mwa Fundi tangu mwanzo, akanyoosha mikono gizani, akamchukua bila neno.

Taa zilipowaka watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mwigizaji aliyecheza mama alikuja akamkumbatia Fundi, machozi yamemharibia wanja, akamwomba radhi kama hakumtendea haki. Alisema alijitahidi kumwonyesha kwa huruma. Wapiga picha walikuwa wamewazunguka. Fundi hakuzoea kumtia mtu aibu mbele za watu, sembuse msichana mdogo anayelia.

"Hukukosea kitu, mwanangu," akasema.

Mzazi mwenzake alikuwa amesimama hapo hapo, akasikia.

Njiani hakuna aliyezungumzia filamu. Walilalamikia joto la ukumbini na viti vilivyowaumiza migongo. Walipofika kwa Fundi, mkwe alisema wamechelewa, hawataingia. Kwa kawaida binti alikuwa akimpitisha mtoto dirishani mwa gari ili bibi yake ambusu. Siku hiyo aliinua mkono wa mtoto, akaupunga.

*

Mtaa ulikuwa umeshapata habari kabla ya Jumapili kwisha. Vipande vya filamu vilizunguka kwenye simu, na kipande kilichozunguka zaidi ni kile cha chupa. Watu hawakuwa wabaya. Walimsalimia Fundi kwa sauti ya msibani, wakamwambia pole kwa jambo la miaka thelathini iliyopita. Muuza mkaa alimwambia kwamba wote ni binadamu. Mama mmoja aliyeleta wanawe wawili wapimwe sare hakuwaacha wasogee. Aliwashika mikono muda wote, hata Fundi alipomwomba amwachie mdogo mkono ili apime bega. Macho yake yalikuwa chini ya cherehani, na pale chini hapakuwa na kitu ila vipande vya nyuzi. Tangu mwaka ule Fundi hakuwahi kuingiza mafuta ya taa nyumbani kwake. Mashine yake aliipaka mafuta ya mashine tu, ya kichupa kidogo, na alikifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Alitamani kumwambia yule mama hayo, lakini aliona kwamba kuyasema ni kama kukubali mashitaka. Akaandika vipimo.

Jumanne akachukua kitabu, akakifunga kwenye khanga, akaenda ofisini kwa mwongozaji wa filamu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu mpaka saa sita. Msichana wa mapokezi alimwuliza mara mbili kama amekuja kuomba nafasi ya kuigiza bibi.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole. Alimpokea kwa heshima zote, akamwita mama, akamvutia kiti mwenyewe, na upole huo ulimzidishia Fundi ugumu, kwa maana alikuwa amejiandaa kwa mtu jeuri. Alikifungua kitabu ukurasa wa sitini na tatu, akauweka mbele yake. Kijana hakuutazama. Alikuwa anaujua kwa moyo.

"Mama, kitabu cha mzee ni bora kuliko filamu yangu," akasema. "Hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote."

"Sasa mbona umekigeuza?"

"Kwa sababu baada ya ukurasa huu baba anakaa kwenye kiti na kuwaza. Kurasa hamsini anawaza. Msomaji anakaa naye, hana haraka. Mimi nikimweka mtu kwenye kiti dakika mbili anawaza, ukumbi mzima unatoa simu. Mama ana cherehani. Ina mlio. Ikinyamaza, mtazamaji anajua kimetokea nini, sihitaji kumwambia."

"Lakini si mimi niliyeiacha chupa."

"Najua, Mama. Yule si wewe. Yule ni mhusika."

"Ana cherehani yangu. Ana mtoto wangu."

Kijana akavuta faili lililokuwa mezani. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa, kwamba filamu imeshauzwa kwa kituo cha televisheni na sasa si mali yake. Fundi akaomba basi waandike hata maneno mawili mwishoni, kwamba kitabu kinasema vingine. Hilo nalo halikuwezekana. Kijana akatoa mkataba kwenye faili na kumwonyesha palipoandikwa kwamba watengenezaji wanaweza kubadili, kupunguza na kuongeza kadiri kazi itakavyohitaji. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Fundi, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba na kuandika kwa kituo.

Hakuwa ametia sahihi bila kusoma. Alisoma kila neno, na pale alipasoma kama mtu wa kazi yake. Watu humletea nguo za kurekebishwa kila siku. Unapunguza kiuno, unaongeza pindo, unabadili kola, na nguo inabaki ya yule yule aliyeileta. Hakuona la kuogopa. Malipo yenyewe yalitosha kujengea kaburi la Mwalimu, na alichokifurahia si malipo. Alifurahi kwamba watu watakijua kitabu.

"Watu wanajua kupambanua," mwongozaji akamwambia akimsindikiza mlangoni. "Hakuna anayeichukulia filamu kuwa ushahidi."

"Mwanangu anaichukulia," Fundi akasema.

Kijana akamzawadia bango la filamu lililoviringishwa. Fundi alilibeba mpaka nyumbani, kwa kuwa kulitupa njiani kungekuwa utovu wa adabu. Njia nzima liliwagusa watu na akawaomba radhi.

*

Kitabu alikituma kwa binti siku hiyo hiyo, kwa mkono wa mkwe. Binti alikuwa amekisoma zamani, akiwa na miaka kumi na mitatu, akirukaruka, na akakihesabu ni hadithi kama hadithi nyingine. Kwao hakuna aliyemwambia zaidi ya kwamba alikuwa na dada, akafariki mdogo. Mwalimu hakuweza kulisema kwa mdomo, na Fundi aliona si lake kulisema.

Alhamisi alasiri binti akaja. Alikuja bila mtoto. Fundi aliangalia nyuma yake, langoni, kisha akaenda kuchemsha chai.

"Nimekisoma chote, Mama," binti akasema walipoketi. "Mara mbili."

"Basi umeona mwenyewe."

"Nimeona jinsi baba alivyokupenda."

Fundi hakuelewa. Binti aliweka kikombe chini, akakaa kama anavyokaa ofisini, mikono juu ya meza.

"Kazini kwangu nasoma maelezo ya ajali kutwa. Gari limegonga, aliyekuwa anaendesha ni mtoto, baba anaandika ni yeye. Nyumba imeungua, mke amesahau pasi, mume anaandika ni yeye. Unajua tunawatambuaje? Hawajitetei. Mtu aliyekosa kweli hujitetea, hata kidogo, atasema kulikuwa na giza, atasema aliitwa. Baba kurasa zote zile hajitetei hata mstari mmoja."

"Ndivyo alivyokuwa baba yako."

"Ndivyo alivyokuwa. Ndiyo sababu angeweza kukubebea."

Fundi alieleza habari ya mashine ya mitihani, dumu lililovuja, duka la vifungo. Alieleza kwa mpangilio, taratibu, kama anayemsomea mtu barua. Binti alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza akamwuliza nani mwingine alikuwapo. Hakuwapo mtu. Jirani wa wakati ule alikwishafariki. Hospitali ilishavunjwa ikajengwa upya.

"Kuna kitu sijawahi kukuambia," binti akasema, na sasa sauti haikuwa ya ofisini. "Nilikuwa na miaka sita, saba. Baba alikuwa analia chumbani, nikaja mlangoni. Ukamwambia, nyamaza, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeondoka. Nilikusikia kwa masikio yangu. Sikujua mnasema nini. Jumamosi ndani ya ukumbi nikajua."

Alisema kweli. Fundi aliyatamka maneno hayo, na si mara moja. Aliyatamka kila mwaka tarehe ile ilipokaribia, kwa kuwa Mwalimu alikuwa akiacha kula, akiacha kunyoa, na hakuna kitu kingine kilichomrudisha. Aligawana naye mzigo ili apumue.

"Nilikuwa namfariji," akasema.

"Au yeye ndiye aliyekuwa anakufariji wewe."

"Hapana, mwanangu. Hapana."

Fundi aliishi maisha yake yote bila kuapa. Alifundishwa utotoni kwamba jina la Mungu si la kuingizwa kwenye maneno ya watu, na wateja walipomwambia aape kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa, alikuwa anacheka na kusema Ijumaa ni Ijumaa. Sasa akasimama, akaweka mkono kifuani, akaapa kwa jina la Mungu kwamba si yeye aliyeiweka chupa ile.

Binti alimtazama, na Fundi akaona machozi yanamjaa.

"Tangu nizaliwe sijakusikia ukiapa, Mama. Leo unaapa."

Hapo Fundi akaketi. Angekasirika, ingeonekana ni hatia. Angelia, ingeonekana hivyo hivyo. Angenyamaza, nako kungekuwa kukubali.

Binti alihamia upande wake, akamshika bega, akasema kwamba hamlaumu. Mama yake alikuwa kijana wakati ule, ana kazi nyingi, ni bahati mbaya, na yeye kama mzazi anaelewa zaidi ya zamani. Alimsamehe kabisa. Alikuwa anasema kwa upendo wote, na Fundi aliupokea msamaha ule kichwa chini, akaona hana mahali pa kuuweka wala mtu wa kumrudishia.

Kuhusu Jumatatu, binti alisema hakuna kilichobadilika. Mtoto ataletwa. Ila mama mkwe wake, akasema, amejitolea kuja naye, kwa kuwa hana kazi nyumbani, na watu wawili ni bora kwa mtoto.

"Atakusaidia tu, Mama."

Fundi akasema ni vizuri. Akauliza huwa anatumia chai yenye sukari kiasi gani.

*

Mzazi mwenzake alifika Jumatatu saa moja asubuhi, mtoto kifuani, mfuko wa nepi begani na kiti cha kukunja mkononi, kama mtu anayehamia. Kutoka langoni alikuwa ameshaanza utani.

"Mzazi mwenzangu, mimi nimekuja kula na kusinzia. Kazi zote zako, usije ukanitegemea."

Fundi alicheka, akamkaribisha, akampokea mfuko. Mtoto hakumpokea, kwa sababu hakupewa. Mzazi mwenzake aliingia naye chumba cha pili, akasifia rangi ya ukuta, akasifia vishuka, akaminya kimoja kusikia ulaini wake. Akamlaza. Kisha akaomba ufagio. Alisema mgongo wake haupendi kukaa bure, akafagia kibaraza, akafagia sebule, akasukuma ufagio chini ya cherehani, akainama mpaka shavu likakaribia sakafu, akafagia tena. Fundi aliinua miguu yake ampishe.

Kisha mzazi mwenzake alichukua kiti chake, akakikunjua mlangoni mwa chumba cha pili, akaketi. Walizungumza habari za magoti na bei ya mchele. Mzazi mwenzake alikuwa mtu mzuri. Alisimulia visa vya marehemu mumewe na bundi aliyemhofia, na Fundi akacheka kweli kweli, sindano ikampotea. Fundi alipokwenda jikoni kuchemsha maji, yule mwanamke alinyanyuka naye, akasema anataka kujua sufuria zinakaa wapi. Fundi alipotoka, naye akatoka. Hawakulizungumzia. Walipitana mlangoni kwa adabu, wakiambiana pita wewe, hapana, pita wewe.

Saa nne mzazi mwenzake alikwenda bafuni, uani. Alimtazama mtoto kwanza, aliyekuwa amelala fofofo, akamtazama Fundi aliyekuwa anashona pindo, akasema anarudi sasa hivi.

Hazikupita dakika mbili mtoto akaamka. Alianza kwa kuguna, kisha akalia. Fundi alisimama, akavuka sebule, akasogeza pazia la mlango. Mtoto alikuwa amejipindua, amejinasa mkono kwenye chandarua, uso umemwiva. Ilikuwa kazi ya kuinama na kuutoa mkono, basi.

Fundi alisimama kwenye kizingiti. Aliona jinsi itakavyokuwa mlango wa uani utakapofunguliwa: mtoto analia, chumba kina watu wawili, na yeye ndiye aliyeinama. Angetoa maelezo. Alikwisha kujua maelezo yake yanakwenda wapi.

"Mzazi mwenzangu," akaita, "mtoto ameamka."

Uani maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, na mtoto kwa kuisikia sauti aligeuza kichwa, akamwona. Akanyamaza. Akaunyoosha mkono ule usionaswa kuelekea mlangoni, vidole vikifumba na kufumbua.

Fundi akaanza kumwimbia. Alimwimbia kutoka pale pale alipokuwa amesimama, ameshika fremu ya mlango, akisikiliza kwa sikio moja maji ya uani yatakapokoma.